Msiuze Pijo kwa Kilo

Nimechoka kuona Pijo zikipimwa kwa mizani kama viazi. Gari lililobeba mawaziri, wagonjwa, maharusi na maiti linakatwa kwa gesi asubuhi moja, vipande vinapandishwa kwa mkokoteni, na mwenyewe anaenda nyumbani na pesa ya kodi ya miezi miwili. Halafu jioni huyo huyo anaposti picha ya Peugeot 504 imeng'arishwa huko Ufaransa na kuandika "ndoto yangu". Buda, ndoto yako uliiuza saa nne asubuhi.

Ndio, leo nimekasirika. Kaeni nami.

Mimi ni wa Islii, Section Two. Nina Peugeot 504 saluni ambayo haijatembea tangu nikiwa darasa la pili. Ilikuwa ya awoowe, babu yangu, aliyekuwa akienda nayo Garissa na kurudi vile sisi tunaenda tao na kurudi. Alipofariki ikaegeshwa kwa ploti nyuma ya nyumba, ikafunikwa turubai, paka wakazalia ndani. Mimi si fundi. Miezi saba iliyopita sikuwa najua tofauti ya kabureta na distributa. Kwa hivyo hii si hotuba ya mtaalamu, ni hasira ya mwanafunzi. Na mwanafunzi ana haki ya kuuliza mbona kila mtu anamwambia atupe kitabu kabla hajakisoma.

Hili gari ni la nani kwanza?

Wengine wenu mnadhani Pijo ni kitu cha Wazungu tulichorithi. Tulieni. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na 1969 ikatajwa Gari Bora la Mwaka huko Ulaya. Lakini Wafaransa waliacha kuunda saluni hiyo 1983. Huku kwetu ndio kwanza ilikuwa imekolea. Iliunganishwa hapa Kenya, Mombasa. Nigeria nao walikuwa na kiwanda chao Kaduna, na kiliendelea kutoa 504 hadi miaka ya 2000.

Safari Rally, ile ilianza 1953, ndiyo iliipa jina. 1975 Ove Andersson alishinda na 504. 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na 504 Coupé. Na baada ya madereva wa mbio kurudi kwao, wenye gari walibaki hapa: GK za wakubwa wa serikali, pikapu za maziwa na kabeji, na zile Pijo za stesheni wagoni zilizobeba abiria wa masafa marefu. Muulize mzee yeyote aliyesafiri kwenda Nakuru au Kisumu enzi hizo. Hatakwambia alipanda matatu, atakwambia alipanda Pijo.

Barabara zetu zilifanya hili gari kuwa na heshima. Kwa hivyo mtu asiniambie nahifadhi historia ya watu wengine.

"Si ununue Probox tu?"

Hii nasikia kila siku, kwa wazee, kwa mabeshte, hata kwa hooyo: "Hiyo doo unamwaga kwa hilo gari, si ungeweka kianzio cha Probox ufanye biashara?" Naelewa. Probox inalisha familia nyingi hapa mtaani na simdharau anayeiendesha. Kama shida yako ni kufika kazini kesho, usianze na 504. Nimesema mimi mwenyewe.

Lakini hiyo hoja inachanganya vitu viwili. Probox ikiisha, kuna nyingine inashuka melini Mombasa. 504 ikiisha, imeisha. Kenya hairuhusu gari la mitumba lililozidi miaka 8 kuingizwa nchini. Sheria ina sababu zake, leo sibishani nayo. Ila piga hesabu: kwa njia ya kawaida hakuna meli itakuletea 504 ingine. Zilizoko ndizo zilizoko. Kila moja ikikatwa, idadi inashuka na haipandi tena.

Na hiyo pesa ya kilo ni pesa gani kwanza? Saluni ya 504 ina uzito wa takriban kilo 1,200. Toa viti, toa vioo, toa mipira, toa sehemu iliyoliwa na kutu. Mnunuzi aliyekuja kwetu alitaja elfu thelathini na tano akiwa amesimama, hata boneti hakufungua. Taa, kabureta, gia boksi, milango minne ambayo haijaoza, vyote kwa bei ya simu ya kati. Saa hii kuna msee mahali, labda Meru, labda Molo, anatafuta mlango mmoja tu kama huo na anaambiwa spea za 504 hazipatikani.

Wasee, spea hazikupotea. Tuliziyeyusha.

Mnakumbuka Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu nyaya na vifaa vya umeme vilikuwa vinaibiwa? Miezi michache baadaye biashara ikafunguliwa tena. Sisemi waliofanya kazi hiyo ni wabaya. Mwenye mkokoteni anatafuta unga kama wewe. Yeye hakuja kuiba Pijo yenu, mlimpigia simu aje.

"Basi tia injini ya Toyota"

Hii inatoka kwa vijana wenzangu, na ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu inaonekana kama ushauri wa kijanja. Ati toa hiyo injini ya kizamani, weka ya Toyota, spea ziko kila kona, maisha yaendelee.

Sikilizeni. Kwanza, saluni ya 504 si kama pikapu ya Kijapani. Propela shafti yake haizunguki wazi. Iko ndani ya bomba la chuma, na hilo bomba limeshikana na gia boksi upande mmoja na difu upande mwingine. Ukitoa injini na gia boksi umevuruga nusu ya gari. Utachonga mahali pa kuikalisha injini mpya, utatafuta namna ya kuunganisha shafti, utabadilisha waya, redieta, mpaka egzosti. Na ukimaliza, namba ya injini haifanani tena na ile iko kwa logibuku, kwa hivyo ni ukaguzi na kubadilisha rekodi NTSA. Mtu ambaye hajajua kuseti pointi anaambiwa aanze na upasuaji wa moyo! Nani anafanya hivyo?

Pili, hiyo injini mnayoitukana ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Ile ya lita 2, yenye sisi 1,971, ina slivu zinazochomoka. Ikichoka hupeleki bloku kutobolewa upya. Unang'oa slivu nne na pistoni zake, unatia mpya. Na ukoo wa injini hiyo uliendelea hadi kwa Peugeot 505, kwa hivyo ukitafuta pistoni usiulize ya 504 peke yake. Uliza na ya 505. Hilo neno moja limenifungulia maduka matatu ambayo yalikuwa yameniambia "hakuna".

Yangu ilikuwa imeshika. Haizunguki hata kidogo. Watu wawili waliniambia imekufa. Fundi aliniambia nitoe plagi, nimimine dizeli iliyochanganywa na oili kwa kila tundu, niache, kisha kila jioni nijaribu kuzungusha puli ya krenki kwa spana, pole pole, bila kulazimisha. Siku ya kumi na moja ikasonga upana wa kidole. Siku ya kumi na tatu ikazunguka raundi nzima. Sikuwasha gari siku hiyo, usidanganyike. Lakini injini "iliyokufa" ilikuwa imeamka kwa mafuta ya mia tatu na subira. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama mpaka mgongo umejua jina langu.

Sitasema kubadilisha injini ni dhambi. Bloku ikipasuka kabisa, fanya unachoweza. Nasema tu isiwe jibu la kwanza la mtu mvivu kuuliza.

Nyinyi wa "jenuini peke yake" pia njooni hapa

Upande wa pili kuna wale wa suti. Tangu 1970 Nairobi ina mashindano ya Concours d'Elegance, ambapo magari yanaoshwa mpaka chini ya chesisi na majaji wanachungulia kila skrubu. Nawaheshimu. Wameokoa magari ambayo sisi tungeyakata. Lakini kuna dhana imetoka huko ikateremka mpaka kwetu, kwamba gari la kale ni mchezo wa matajiri, na kama huwezi kuagiza kila kitu kipya kutoka Ulaya basi usiguse.

Huo ni uongo unaotuibia. Hili gari halikuishi Afrika kwa kuagiza. Gasketi ilikatwa kwa mkono kutoka kwa karatasi yake, kwa nyundo ndogo na jicho. Breki shuu zikapigwa laini mpya Kirinyaga Road, pale wazee bado wanaita Grogan. Redieta ikachomelewa. Bushi ikachongwa kwa leithi Kariobangi Light Industries, ambapo kuna watu wanayeyusha alumini na kukutolea kitu kutoka kwa moto. Angalia Cuba: tangu miaka ya 1960 Marekani iliwawekea vikwazo, na magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 bado yanatembea Havana kwa sababu fundi alikataa neno "hakuna". Sisi hatuna vikwazo. Tuna dharau tu.

Ila nisieleweke vibaya. Kuna mahali jua kali ina mpaka. Silinda ya breki, hosi za breki, viungo vya usukani: hapo usibahatishe, nunua kitu cha kuaminika hata kama utakula githeri mwezi mzima. Kioo cha saa kwa dashibodi kinaweza kungoja. Breki haiwezi. Mtoto wa mtu anavuka Juja Road.

Na sisi wa vidio, tuache uongo

Hii ni ya watu wa kazi yangu. Mmeona zile vidio: gari limeoza, muziki unapigwa, sekunde sitini baadaye linang'aa, msee amevaa miwani anatoka nalo. Mara ngapi mmeonyeshwa sakafu ya gari? Chini ya bodi? Nimeenda kuangalia gari moja "lililokarabatiwa" linauzwa, likang'aa kama sufuria ya harusi. Nikabisha kwa kidole karibu na gurudumu la nyuma. Halikulia chuma, lililia kama ubao. Filla tupu, kutu imelala ndani inakula polepole, na mnunuzi atagundua mvua ya Aprili ikifika.

Kupaka rangi juu ya kutu ni utapeli, hata kama una wafuasi laki moja. Na ubaya mwingine ni kwamba vidio kama hizo zinamkatisha tamaa anayeanza. Kijana anafungua boneti yake, wiki tatu hajaona mabadiliko, anadhani yeye ndiye mjinga. Wewe si mjinga. Kazi yenyewe ndiyo ndefu, na aliyekuonyesha alikata sehemu ndefu.

Kitu ambacho kweli ni adimu

Sasa tufike kwenye ukweli. Islii unapata kila kitu. Tangu Garissa Lodge, iliyokuwa gesti, igeuke soko mwanzoni mwa miaka ya 1990, huu mtaa umejifunza kuleta chochote kutoka Dubai na China. Dhahabu, pazia, simu, marumaru. Lakini mpira wa kioo cha mbele wa 504 sijaupata, na duka la nne lilinicheka. Hata hivyo mpira utapatikana. Nigeria wanazo Pijo, Argentina waliiunda 504 hadi 1999, na mtaa unaojua kujaza kontena hauwezi kushindwa na kifurushi cha kilo mbili.

Vitu adimu ni viwili, na havina duka.

Cha kwanza ni fundi. Anayenifunza ana miaka sabini na kitu. Anaweka ncha ya bisibisi ndefu kwa injini na mpini sikioni, anafunga macho, anakwambia tepeti ya ngapi inapiga kelele. Anaseti pointi kwa jicho, kisha anapima kwa geji ili tu nione hakukosea. Siku hizi naona geji inakataa mara kwa mara. Macho yanamwacha. Watoto wake mmoja ni wa boda, mwingine yuko Doha, na hakuna aliyekaa chini kujifunza. Nilipomuuliza nani mwingine hapa Grogan anaweza kufungua kabureta ya Solex na kuirudisha ikifanya kazi, alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kidole cha mwisho alikirudisha. "Huyo tulimzika," akasema.

Halafu hii ndiyo nchi inayolia ati hatuna gari letu. 1986 Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari. 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa watu, tukapiga makofi, na haikuwahi kufika sokoni. Tangu hapo tunauliza tulikosea wapi. Mimi sijui kuendesha kiwanda, lakini najua hili: nchi ambayo haimheshimu mtu anayeweza kurudisha uhai wa gari rahisi haiwezi kuzaa mtu wa kuunda jipya. Ujuzi ni uleule. Unaanza kwa kuelewa kwa nini petroli haifiki.

Cha pili ni nafasi. Na hapa ndipo niko kwa presha sasa hivi. Ploti ambayo Pijo ya awoowe imekaa miaka yote hii imeuzwa. Ghorofa inakuja. Tumepewa hadi mwisho wa mwezi tutoe kila kitu. Futi moja ya ardhi hapa ni pesa ndefu, na gari lisilotembea ndilo la kwanza kuonekana takataka. Nyumbani kikao kimeshafanyika bila mimi, na namba ya yule wa elfu thelathini na tano bado iko kwa simu ya abti. Simlaumu. Yeye anaona chuma na tarehe. Mimi nimempa tarehe yangu: kabla ya mwisho wa mwezi breki za mbele zinashika na magurudumu manne yanazunguka, tulisukume mpaka garaji ya Kariobangi iliyokubali kulihifadhi nikifanya kazi Jumamosi kama tanboi. Nalipa kwa jasho. Ni mkataba mzuri kuliko kilo.

Sasa nyinyi fanyeni hivi

Kama nyuma ya nyumba yenu, au kwa shamba la guka, kuna gari la kale limelala, usianze na rangi. Anza na karatasi. Tafuta logibuku leo. Kama aliyeandikwa amefariki, familia iende ifuate mirathi mapema, kwa sababu gari zuri lisilo na karatasi ni pambo tu.

Kisha lala chini ulitazame. Kutu ya mlango ni shida ndogo, kutu inayoshika chesisi na mahali springi zinakaa ni shida kubwa. Jua ni ipi kabla hujatumia shilingi. Halafu breki, halafu injini, rangi ni ya mwisho kabisa. Usifungue gari lote kwa siku moja. Fungua kitu kimoja, piga picha, tia skrubu zake kwa mfuko, andika jina, fungasha.

Ukitafuta spea, usiulize "mko na ya 504?" pekee. Beba ile ya zamani mkononi, iwekwe kwa meza. Mzee wa duka hakumbuki namba, lakini mikono yake inakumbuka umbo.

Na tafuta fundi mzee wiki hii, si mwaka ujao. Msalimie vizuri, muulize kama unaweza kumshikia taa. Ukimrekodi, rekodi mikono yake, si uso wako. Mpe jina kwenye vidio akikubali, na umlipe hata kama ni mchana wa chapati na maharagwe. Akikwambia jambo, liandike. Halafu ukishajua, nenda ukafanyiwe trade test ya NITA upate karatasi, kwa sababu jua kali isiyo na karatasi ndiyo inatumika kutunyima bei.

Wewe mwenye duka pale First Avenue unayejaza kontena kila mwezi, hii ni yako: weka mipira ya vioo na seti kumi za gasketi za Pijo kwenye kona ya kontena. Ukikosa wateja njoo unitafute, nitasimama hapo nje nikikuuzia mwenyewe.

Mtanicheka, na ni sawa. Pijo langu bado halijawaka. Linaweza kukataa hata baada ya haya yote. Lakini kuna tofauti ya gari lililokufa na gari lililouawa, na sitaki kizazi chetu kiandikwe upande wa pili. Kwa hivyo kabla hujampigia simu mtu wa mizani, fungua boneti. Mwite mzee mmoja aitazame. Saa moja tu. Kama atakwambia imeenda, basi itoe vitu vyote vinavyofaa, uziuze moja moja kwa watu kama mimi, na bodi ndiyo iende kwa kilo.

Mtu akinunua bila kufungua boneti, jua amekuibia.